Ndoo ya Bi Mwanamize

Mume wangu Makungu alipofariki aliniachia vitu viwili: koti lake zito la kazini na dada yake. Koti lilinifaa siku ile ile. Dada yake alinichukua muda.

Bi Mwanamize alitoka Unguja mwaka 1976 kuja kumuuguza ndugu yake. Alimuuguza miezi minne, akamzika, kisha akawa hana pa kurudi, maana chumba chao cha Kikwajuni kilishapata watu wengine. Tukabaki wawili, mimi na wifi yangu, ghorofa ya tisa kule Castle Vale, nchi ya Waingereza. Alikuwa na miaka sitini na mbili, na Kiingereza chake kilikuwa "no" na "thank you". Nikipika, anaonja mchuzi, anafumba macho, anasema, "Haya, tutakula." Nikifagia, anafagia upya nyuma yangu. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilisubiri zaidi ya miaka miwili, na nilichompa mwishowe ni ufagio.

Ilikuwa hivi. Nilifua mashuka miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha dobi upande wa Harborne. Wiki ya kwanza ya mwaka 1979 msimamizi akanijia, akaniambia mimi na mwenzangu kutoka Mombasa tuache kuzungumza lugha yetu mbele ya mashine, kwa sababu wengine hawajui tunasema nini. Nikamwambia mashine hazijalalamika. Akasema nichague. Nikavua aproni, nikaikunja vizuri, nikamwekea mkononi. Mwenzangu alibaki, ana watoto, simlaumu. Mimi nilitoka na hasira zinanipasha moto, na ilikuwa bahati, kwani nje theluji ilifika magotini na mabasi yalikuwa yamesimama.

Nikatembea. Nikakatiza Edgbaston, kwenye zile barabara za miti mikubwa na nyumba zilizokaa mbali na lango, kila moja na njia yake ya gari iliyo ndefu kuliko ukumbi wote wa ghorofa yetu. Kwenye lango moja nikamwona bibi wa Kizungu, mwembamba, amepita miaka sabini, anachota theluji kwa kibeleshi cha makaa. Anachota, anapumzika, anachota tena. Gari lake lilikuwa limezikwa mpaka kwenye vioo. Nilimtazama mpaka nikaona aibu. Nikabisha hodi langoni, nikaingia, nikampokonya kile kibeleshi.

Huyo ndiye Bibi Pargeter, mjane wa daktari wa macho. Alitaka kutoa gari aende kumwona dada yake Harborne. Bandani kulikuwa na beleshi kubwa la marehemu mumewe. Nikalichukua, nikafanya kazi saa mbili nikiwa na koti la Makungu mwilini, na kila beleshi nililotupa nilimtupia msimamizi. Nilipomaliza, jirani akaja kuniuliza kama naweza kumfanyia na yeye. Kesho yake wakawa watatu. Mwisho wa wiki nyumba tisa katika nyumba kumi na nne za barabara ile zilikuwa zinanisubiri. Wafanyakazi wa halmashauri walikuwa kwenye mgomo, haki yao, na malori ya kumwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke yalikuwa yamelala. Kila asubuhi redio ilitangaza baridi nyingine.

Nikaelewa kwamba nimepata kazi isiyo na mtu juu yangu. Nilikuwa na miaka arobaini na nne, na sikuwahi kuwa nayo. Nasema bila haya kwamba niliipenda barabara ile kuliko nilivyompenda mtu yeyote aliye hai wakati ule. Mtu angetaka kuninyang'anya angenikuta mbaya.

Lakini haikuwa kazi ya mtu mmoja. Jioni moja nikamwambia wifi yangu, "Kesho tunatoka sote."

"Kwenda wapi?"

"Kufagia."

Akanitazama, kwa mara ya kwanza, kama mtu mwenye akili.

Basi la kwanza la asubuhi lilikuwa la Jagjit, Kalasinga aliyezaliwa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. Sheria za basi hazikuruhusu mabeleshi. "Mama, hizo vitu weka nyuma kabisa," aliniambia. "Inspekta akiuliza, mimi sikuona kitu. Mimi naangalia road." Hatukuwahi kumwona inspekta.

Mgawanyo wetu ulikuwa rahisi. Mimi natangulia na beleshi, yeye anafuata na ufagio. Nilimnunulia ufagio wa dukani wenye mpini mrefu. Akaukata mpini kwa kisu cha mkate, ukabaki shubiri mbili, akasema mpini mrefu ni wa mtu asiyetaka kuiona kazi yake. Akainama, mkono mmoja mgongoni, akafagia lami ya Edgbaston kama anafagia uwanja wa arusi. Alipopita yeye hakikubaki kitu. Theluji ya njia ya miguu iliyo mbele ya lango aliifagia pia, na akaendelea mpaka nusu ya jirani, hata jirani asiyetutaka. Nilimwambia hilo hatukuagizwa. Akaniuliza, "Kwani kwenu mlikuwa mkifagia mnaishia kwenye mpaka?"

Na kabla ya yote, hodi. Bi Mwanamize hakuingia lango la mtu bila kubisha. Anasimama nje na ndoo yake ya chumvi, anaita mara tatu kwa sauti yake ya kuamsha daku: "Hodi! Hodi! Hodi jamani!" Asipojibiwa, haingii. Siku ya kwanza tuliganda mbele ya lango la Bibi Pargeter mpaka akafungua dirisha kuuliza kuna nini. Nikamweleza, na jibu lake nikamfundisha. Siku ya tatu dirisha lilifunguka lenyewe, na sauti nyembamba ikaita, "Karibu!" Wifi yangu alifurahi siku nzima.

Bwana Tonks hakufurahi. Alikaa nyumba iliyopakana na ya Bibi Pargeter, wakili mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mtu mrefu mwenye slipa za ngozi na neno la kila jambo. Alitoka akatuambia, "Wasichana, msipige kelele langoni. Ingieni, fanyeni kazi, tokeni."

"Anasemaje?" aliuliza Bi Mwanamize.

"Anasema tuingie bila hodi."

"Aingiaye bila hodi ni mwizi. Mwambie."

Nilimwambia nusu. Tangu siku hiyo Bi Mwanamize alibisha kwake vile vile, mara tatu, kisha anatazama juu dirishani. Pazia likitikisika, anasema, "Pazia limetukaribisha," tunaingia.

Sasa nifike kwenye kosa, na sitalipamba.

Kwetu mwanamke akishafagia uwanja, kazi haijaisha. Anachukua maji kwenye ndoo, anachota kwa kiganja, ananyunyiza, vumbi linatulia na uwanja unapendeza. Uwanja uliofagiwa bila kunyunyizwa ni sawa na mtu aliyeoga asivae nguo safi. Mimi nimekulia hilo, na yeye amelifanya miaka hamsini. Baridi mbili zilizotangulia alizipitisha ndani, miguu mbele ya hita, akitoka kwenda dukani tu. Nilimwonyesha beleshi, nikamwonyesha chumvi, nikamwonyesha jinsi ya kutembea kwa kukanyaga kisigino polepole. Maji sikuyataja. Hayakunijia akilini.

Alhamisi ya mwisho ya Januari nilikuwa mwisho wa barabara. Yeye alikuwa anamalizia kwa Bibi Pargeter. Lami ilikuwa wazi, lakini ile chumvi tuliyochanganya na mchanga ilikuwa imeacha tope jeusi, na macho yake hayakulivumilia. Akabisha mlango wa jikoni, akainua ndoo, akaonyesha kwa mkono. Bibi Pargeter akadhani anataka kuosha vifaa, akamjazia maji ya moto kutoka bombani. Bi Mwanamize akanyunyiza njia yote, kutoka mlangoni mpaka langoni, akanifuata nyumba ya mwisho akiwa ameridhika na nafsi yake.

Saa nne Bibi Pargeter alitoka na kikapu cha dada yake. Alipiga hatua nne. Akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono.

Bwana Tonks alimwona kutoka dirishani. Alikimbia na slipa zake, akamnyanyua, akampeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Sitamdhulumu, hilo alilifanya, na alilifanya haraka.

Jirani aliniletea habari ya mkono; nilipofika langoni sikukuta mtu. Nilikuta kikapu kimepinduka na barafu nyembamba, angavu, lami inaonekana chini yake. Ilikuwa imeganda kwa mistari iliyopinda, kila mstari umeanza mnene na kuishia kwenye matone. Nimekaa na mkono ule meza moja miaka miwili. Niliujua.

Kwenye basi la kurudi nikamuuliza, "Wifi, ulimwaga maji kule?"

"Nilinyunyiza."

"Hapa si Kikwajuni. Maji hapa yanageuka jiwe."

"Mie uliniambia lini?"

Nikapandisha sauti. "Yule bibi amevunjika mkono. Watatunyang'anya barabara. Maji yakimwagika hayazoleki!"

"Hapa yanazoleka," akasema. "Si umesema yanakuwa jiwe? Yazoe kwa beleshi lako."

Jagjit alicheka kule mbele. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira za kumtupa mtu dirishani, mpaka nilipoona mikono yake mapajani. Ilikuwa inakunja na kukunjua pembe ya kanga, tena na tena.

Jumamosi mchana Bwana Tonks alituita. Bibi Pargeter hakuwepo, alikuwa amepelekwa kwa dada yake Harborne, ambako kulikuwa na mtu wa kupika. Sebuleni kwa Bwana Tonks walikaa yeye na majirani wawili waliokuwa wakitazama mazulia. Hakuna aliyenipa kiti. Bi Mwanamize alibaki nje ya lango, kwa sababu alibisha hodi na safari hii hata pazia halikutikisika.

"Jambo hili linaweza kuisha vizuri," alisema Bwana Tonks. Alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa. Iliandikwa kwamba mwanamke mzee alimwaga maji kwa akili yake mwenyewe, bila mimi kujua, na kwamba kuanzia siku hiyo hafanyi kazi tena barabara ile. Chini pameachwa nafasi ya jina langu. "Wewe unaijua nchi hii. Unajua lugha. Kazi yako hatuna malalamiko nayo, tunataka uendelee. Yeye hafai. Weka sahihi, na Jumatatu uje peke yako."

Ningeweza kujifanya mwema hapa, lakini nitasema kweli. Nilifikiri. Niliiona barabara ile ikiwa yangu baridi zote zilizobaki. Nikaona pia kwamba kila neno la karatasi ile lilikuwa kweli, na kwamba kwa miaka miwili nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia kuwa wifi yangu hafai. Leo ameniambia wakili. Nilichukua kalamu.

Nikatazama dirishani. Kule nje ya lango Bi Mwanamize alikuwa amechoka kusimama bure. Alikuwa ameinama, mkono mmoja mgongoni, anafagia theluji mbele ya nyumba ya mtu aliyekataa hata kumjibu. Alikuwa anafanya taratibu, mpaka pembezoni, asiache kitu.

Hasira zikanipanda kutoka unyayoni.

"Kazi hii ina watu wawili," nikasema. "Kosa ni la watu wawili. Yeye alimwaga maji, mimi sikumfundisha. Bibi Pargeter nitakwenda kumwomba radhi mwenyewe, na akitaka kunishtaki anishtaki. Lakini nani afanye kazi na mimi, hilo huchagui wewe."

"Fikiria vizuri. Bila sahihi hakuna kazi. Mpwa wangu ana trekta yenye bamba la mbele. Barabara nzima ataimaliza kwa saa moja."

"Sikuja kuomba kazi. Umeniita, nimekuja kusikiliza. Nimesikia." Nikaweka kalamu juu ya karatasi, nafasi ya jina ikiwa tupu kama nilivyoikuta. "Na mimi si msichana, Bwana Tonks. Nina miaka arobaini na nne. Yule nje ana sitini na nne. Ukitaka kumfukuza, mkaribishe ndani umwambie mwenyewe."

Hakumkaribisha. Nilitoka.

"Amesemaje?" aliuliza wifi yangu.

"Tumefukuzwa."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya yeye kukosa adabu."

Si mjinga, aliona kuna jambo nimelimeza. Tukaondoka. Jioni ile alionja mchuzi wangu na hakufumba macho.

Siku ya pili tulikwenda Harborne kumpa mgonjwa pole. Mtu haendi mikono mitupu, basi Bi Mwanamize alipika uji wa pilipili manga, akautia kwenye chupa ya chai. Bibi Pargeter alikuwa kitini, mkono umefungwa plasta. Wifi yangu akapiga magoti mbele yake, akaushika ule mkono mzima, akalia, akasema maneno mengi. Nilifasiri machache: "Anasema pole. Anasema ni yeye."

"Ndoo nilimjazia mimi," alisema Bibi Pargeter. "Maji ya moto, kwa mkono wangu. Ningeweza kuuliza ya nini, sikuuliza. Na Tonks hajaniuliza mimi chochote." Akanywa uji, pilipili ikamkaba, akakohoa mpaka dada yake akaogopa. Kisha akaomba kikombe kingine.

Nilimweleza habari ya karatasi. Aliniuliza tu jina la wifi yangu linavyotamkwa, akalirudia mara kadhaa.

Wiki mbili tulikaa Castle Vale tunatazamana. Kiwanda cha dobi waliniletea salamu kwamba nafasi yangu bado ipo, nikiahidi kunyamaza. Niliwajibu kwa kunyamaza. Halafu katikati ya Februari theluji ikaanguka kama iliyokuwa imezuiliwa. Upepo uliirundika mpaka kwenye madirisha ya watu wa chini. Alfajiri nilivaa koti la Makungu.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bi Mwanamize.

"Edgbaston."

"Si tumefukuzwa?"

"Tumefukuzwa kwenye njia zao za gari. Njia ya miguu ni ya Malkia."

Akafikiri. "Malkia ametuita?"

"Malkia amelala."

"Basi twende kabla hajaamka," akasema, akachukua ndoo.

Tulipitia duka la Balwinder, chini ya jengo letu, naye akatugawia nusu gunia la chumvi ya mawe. Jagjit alipotuona alifungua mlango wa nyuma bila kuambiwa. Basi lilifika mjini, likakataa kwenda mbele. Lililobaki tulitembea, tukivuta gunia juu ya theluji kwa kamba ya nguo.

Mpwa wa Bwana Tonks alikuwa ameshapita. Kwa kweli trekta ina nguvu. Ilikuwa imeikandamiza theluji kwenye kila njia ya gari, ikaing'arisha, ikaacha bamba la barafu kutoka mlango hadi lango, na kokoto zote za nyumba ya pembeni zilikuwa zimelala bustanini. Chumvi hakuweka. Njia ya miguu hakuigusa kabisa, ilikuwa theluji tupu mpaka kiunoni, na aliyosukuma yeye ilikuwa juu yake.

Tukaanza mwanzo wa barabara. Hatukubisha hodi, kwa sababu hatukuingia kwa mtu. Mimi beleshi, yeye ufagio, nyumba kwa nyumba, mbele ya waliotutaka na mbele ya wasiotutaka. Mikono iliniuma mpaka ikaacha kuuma. Mapazia yalikuwa yanatikisika pande zote mbili. Tulipofika kwa Bwana Tonks, mlango wake ukafunguliwa. Alisimama kizingitini na slipa zake.

"Mlifukuzwa," akasema.

"Kwako. Hapa si kwako."

"Nani anawalipa?"

"Hakuna."

"Nawatahadharisha kama wakili. Mkiisafisha njia ya umma, na mtu akaanguka, mnashtakiwa nyinyi."

"Na isiposafishwa, mtu akaanguka?"

"Hapo ni kudra ya Mungu."

"Kumbe ndiyo maana hamsafishi," nikamwambia. "Mnamwachia Mungu kesi." Nikaendelea na beleshi langu. Njia iliyo mbele ya lango lake tuliisafisha kuliko zote. Bi Mwanamize aliipitia mara mbili.

Kisha akaweka ufagio chini, akachukua ndoo. Bwana Tonks alipoiona ile ndoo alirudi nyuma, akashika kizingiti. Wifi yangu hakumtazama. Alichota kwa kiganja, akanyunyiza kwa mkono ule ule, kwa mistari ile ile iliyopinda, inaanza minene na kuishia kwenye chembe moja moja. Ilikuwa chumvi. Tangu Harborne alikuwa akijizoeza kwenye ukumbi wetu wa ghorofa ya tisa, na mimi nilikuwa namgombeza kwa kuchafua.

Lango la jirani likalia. Bibi Pargeter alikuwa amerudi kwake jana yake. Alikuja taratibu pembeni mwa njia, kwenye majani yaliyofunikwa theluji, akikwepa kioo cha barafu cha yule mpwa, mkono mmoja kifuani. Alipofika langoni akasimama mbele ya njia iliyosafishwa, akaitazama. Ndoo ile ile, mkono ule ule.

"Bi Mwanamize," akaita, akanyoosha mkono mzima.

Wifi yangu akaenda akamshika. Wakatembea pamoja mbele ya nyumba ya Bwana Tonks mpaka kwenye sanduku la posta la pembeni. Bibi Pargeter akatia barua kadhaa, wakarudi. Hakuteleza hata mara moja. Aliporudi alinena kwa sauti ya kusikika mpaka kizingitini, "Kesho mtaanza na kwangu, nyote wawili. Na barua hizo ni za wajumbe wa kamati, kila mmoja ajue kwamba ndoo niliijaza mimi."

Bwana Tonks alitaka kujibu. Akapiga hatua moja kwenye barafu ya mpwa wake, mguu ukamtoka, akadaka nguzo ya baraza. Akajaribu tena, ikawa hivyo hivyo. Gari lake lilikuwa palepale, limeoshwa, haliwezi kwenda popote. Kati yake na lango palikuwa na hatua ishirini za kioo, na baada ya lango njia kavu yote ilikuwa yetu. Nikaegemea beleshi. Sikuwa na haraka.

"Je," akasema hatimaye, "mnaweza kunipa chumvi kidogo?"

"Usiniombe mimi. Mwenye ndoo ni yule."

"Anasemaje?" aliuliza Bi Mwanamize.

"Anaomba chumvi."

Nilijua atasema nini. Kwetu jirani akija kuomba chumvi hanyimwi, hata kama jana mlitukanana. Nilitamani kwa roho yangu yote amnyime. Alimtazama yule mzee aliyekumbatia nguzo, akafuta mkono kwenye kanga aliyojifunga juu ya koti.

"Chumvi hainyimwi," akasema. "Lakini mwambie abishe hodi."

Nikamfasiria neno kwa neno. Uso wa Bwana Tonks ukawa mwekundu. Alimtazama Bibi Pargeter, na Bibi Pargeter akatazama juu mitini. Alinitazama mimi, nikatazama beleshi langu. Neno lenyewe alilijua, alikuwa amelisikia mara tatu kila asubuhi mwezi mzima.

"Hodi," akasema.

Bi Mwanamize hakusogea. Akatega sikio, akatazama dirishani kwake juu, kama mtu anayesubiri pazia.

"Hodi," akasema tena Bwana Tonks, kwa nguvu zaidi. "Hodi."

"Karibu," akajibu wifi yangu, akainua ndoo, akaingia kwake akimnyunyizia njia.